Siku Paluku Alipoingia Kitabuni

Ninyi vijana mnaochora kwa kidole juu ya kioo cha simu, msinicheke kwanza. Najua mkono wangu unatetemeka siku hizi, na mguu mmoja wa miwani yangu umefungwa kwa uzi. Lakini kama ulisoma mwaka wa kwanza hapa kwetu mashariki ya Kongo, Butembo au Beni au hata kule Luofu, basi huenda ulijifunza kusoma huku ukitazama kuku wangu. Nimechora kuku wengi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Mbuzi pia nimechora, ila mbuzi sijivunii. Mbuzi wangu wote wana sura ya mjomba wangu mmoja, na familia yake ilininunia kwa muda mrefu.

Binti mmoja anayefundisha vijana kuchora aliniomba niwaandikie mawaidha. Mawaidha sina. Nina makosa, tena ya kutosha, na yaliyonifunza kazi ni hayo hayo. Kuna moja kubwa ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika kichwa. Nitalifikia, tuanze na macho ya kuku.

Nilipoanza kazi nilikuwa kijana mwembamba, katika chumba cha uchapaji cha misheni moja upande wa Lubero. Mkuu wa chumba alikuwa Tata Mbusa, mzee wa kanisa mwenye kucha nyeusi za wino ambazo hata Jumapili hazikutakata. Siku hizo tulichora kwa sindano juu ya karatasi yenye nta, tukiiita stensili. Unakwaruza nta, wino unapita pale ulipokwaruza, na mashine unaizungusha kwa mkono mpaka bega linauma. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuku na vifaranga vyake, kwa kitabu cha kuhesabu. Nikawachora na macho mazuri ya mviringo, duara kamili kila moja. Kurasa za mwanzo zikatoka safi, nikaanza kupiga mluzi. Kisha vile viduara vya nta ndani ya macho vikaanza kudondoka, kimoja kimoja, na wino ukajaa. Kuku wote wakatoka na mashimo meusi usoni.

Tata Mbusa aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

"Kambale, hii kuku inaona nini?"

"Hapana kitu, Tata."

"Basi yee na weye muko sawa."

Halafu akanionyesha. Duara dogo usilifunge kamwe, alisema, uache mulango. Yaani uache uwazi mdogo, nta ya katikati ishikamane na nta ya nje. Leo stensili hazipo tena, lakini mkono wangu haujapata habari hiyo. Mpaka sasa macho yangu yote yana mlango. Ukikuta katika kitabu cha zamani kuku ambaye jicho lake halijafungwa vizuri, nisalimie.

Sheria nyingine ya Tata Mbusa ilikuwa hii: picha isifike kwa mwalimu kabla haijapita kwa mtu asiyejua kusoma. Mwalimu, alisema, atasoma maneno chini ya picha, kisha atakuambia picha ni nzuri. Asiyesoma anaitazama picha peke yake, hana kitu kingine cha kumsaidia. Wenzangu walipeleka zao sokoni kwa wauza unga. Mimi nilipeleka kwa mama.

Mama aliishi Masereka, akilima viazi na maharage kwenye mteremko ambao mimi hupumzika mara mbili kabla ya kufika juu. Watu wote walimwita Mama Paluku. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na sijapata kukutana na mkaguzi mkali kuliko yeye. Alishika picha mbali, akaileta karibu, akairudisha mbali, ndipo akatoa hukumu. Mara moja nilimpelekea mwanamke anayetoka shambani. Nilikuwa nimeiga vitabu vilivyotoka nje: mwanamke amenyooka, kikapu juu ya kichwa, mkono mmoja kiunoni.

"Uyu mama iko anatoka wapi?"

"Shambani, mama."

"Shamba ya wapi? Kamba yake iko wapi? Na hii mulima yetu, kitunga ya kichwa ingeanguka. Viazi vingefika Lubero mbele yake!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Nikarudi Lubero nikachora upya: kikapu mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, mgongo umeinama, mikono miwili imeshika kamba karibu na masikio. Safari hii alitazama kwa muda mrefu.

"Ee," akasema. "Sasa anachoka."

Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo. Ninyi mnaojua kuchora misuli na vivuli, jiulizeni tu kama mtu wenu anachoka.

Sasa kosa lenyewe. Kwa msomaji wa mbali nieleze kwanza jambo ambalo hapa kila mtoto analijua. Sisi Wanande hatumuulizi mtu amezaliwa wa ngapi, jina lake linasema. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea hivyo mpaka kwa Mbusa ambaye ni wa sita, na hapo kwa kawaida wazazi wameshachoka. Mimi ni Kambale. Ukisikia jina langu unajua kuna Paluku mbele yangu.

Kwetu Paluku hakuwepo. Alifariki akiwa na miaka kama mitano, msimu mmoja kabla sijazaliwa. Picha yake haikuwepo, kaburi lake lilikuwa nyasi, na baba na mama hawakumtaja. Lakini mama aliitwa Mama Paluku asubuhi na jioni, kanisani na sokoni, na kila mara aliitika. Nilikulia ndani ya jambo hilo na nikaliona la kawaida kabisa.

Miaka mingi baadaye nilihamia Butembo, kwenye ofisi ndogo iliyotengeneza vitabu vya shule. Mhariri wetu alikuwa Monsieur Alphonse, mtu wa Kisangani, mpole, msafi, mpenda kalamu nyekundu. Tulikuwa tunatayarisha kitabu cha kusoma cha mwaka wa kwanza, na ukurasa wa mwanzo ulitakiwa kuwa picha ya familia, kila mtu na jina lake chini. Akaniambia, "Weye ni mwenyeji, donc utie majina ya kwenu."

Nilichora kwa siku moja. Mikono ilikwenda yenyewe: ua, ghala, mlango wa jiko, mama na kamba yake, baba na jembe, kuku (kuku lazima), na watoto watatu, Kambale, Kasereka na dada yao Masika. Jua nikaliweka kwenye pembe. Monsieur Alphonse akaipenda sana. Yeye hakuwa Mnande, asingeona kitu. Mimi ni Mnande na pia sikuona, kwa sababu nilikuwa nimechora kwetu. Na kwa mama sikuipeleka. Mvua ilikuwa imeharibu njia ya Masereka, nami nilikuwa na haraka. Hapo mnaweza kunicheka.

Tukaipeleka Beni kuijaribu, katika darasa la Madame Kavira, mwalimu mwenye sauti inayosikika barabarani bila yeye kupaza. Joto la Beni chini ya mabati mnalijua. Tulibandika picha kubwa ubaoni, Madame akauliza, "Batoto, munaona nini?" Wakaona kuku. Wakaona ghala, wakaona mama na kitunga. Nikavimba kichwa. Kisha msichana mmoja wa mbele akasimama, mikono nyuma.

"Madame, Paluku iko wapi?"

Darasa zima likainuka kumtafuta. Mmoja akasema iko nyuma ya ghala. Mwingine akasema alienda kuchota mayi. Mwingine akasema iko mu choo, na kicheko kikachukua muda kutulia. Ndipo mtoto wa karibu na dirisha akasema taratibu tu, kama anayetaja siku ya soko:

"Alikufa."

"Wacha!" Madame Kavira alisema. "Mu kitabu ya masomo batu hapana kufa."

Wote wakanigeukia. "Monsieur, ni weye ulichora. Paluku iko wapi?"

Nilikuwa na jibu la kitaalamu mdomoni, kuhusu nafasi kwenye ukurasa. Nikaliacha. Nikasema, "Nitamutafuta," nikatoka nje kana kwamba yuko uani. Aibu niliijua, nimepata aibu nyingi kazini. Lakini chini ya aibu kulikuwa na huzuni ambayo sikujua kama ninayo, huzuni ya mtu ambaye sikuwahi hata kumwona. Njia nzima ya kurudi Butembo nililia mgongoni mwa dereva wa moto, yaani pikipiki ya kukodi. Aliponiuliza, nikamwambia ni vumbi. Mvua ilikuwa inanyesha.

Monsieur Alphonse hakuona tatizo. "Mais ni rahisi! Uyu wa kwanza aitwe Paluku, wa pili Kambale, Kasereka tunafuta. Dakika tano na gomu."

Alisema kweli. Ilikuwa kazi ya dakika tano na kifutio. Nikakataa.

"Unipatie siku tatu, Monsieur."

"Siku tatu juu ya jina?"

"Juu ya mutu."

Akanitazama, akasema lori la kupeleka kitabu kwa mchapaji linaondoka Ijumaa. Picha isipokuwepo, kitabu kitakwenda bila familia. Hilo lilinitia hofu, lakini si hilo lililonikosesha raha. Jicho moja la mama lilikuwa limeshafunikwa na mtoto wa jicho, jeupe kabisa, na la pili lilikuwa limeanza. Baba alikuwa ameshatutoka, na duniani kote alibaki mtu mmoja aliyejua sura ya Paluku, na muda wake wa kuweza kutazama picha na kusema ni yeye au siye ulikuwa unakwisha. Nilikuwa nimechora vijiji vizima vya watu ambao hawapo, na habari za kaka yangu sikuwahi kumuuliza mama.

Nilimkuta Masereka akimenya viazi karibu na moto, asubuhi. Nikamwamkia, "Wavukire, mama," nikakaa, nikamenya naye viazi viwili vitatu.

"Mama, Paluku alikuwa namna gani?"

Kisu kikasimama. "Nani anauliza?"

"Batoto ba Beni."

"Batoto ba Beni banamujua Paluku?"

"Hapana. Banamutafuta."

Akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, akasogeza kiti chake karibu na wangu.

Hapa kuna ufundi, sikilizeni. Ukitaka kumchora mtu ambaye hukumwona, usiulize habari za uso. Mimi niliuliza. Mama akasema alikuwa mzuri. Wote waliotutoka ni wazuri, penseli haipati kitu hapo. Pua je? Pua ya mutoto, alisema. Nikachora, akakataa. Nikafuta, nikachora, akakataa tena. "Uyu ni mutoto ya pasteri!" Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka, nikatoa nyingine. Kisha nikamkumbuka yule mama wa kikapu, nikaacha habari za pua.

"Asubui alikuwa anafanya nini?"

Alijibu bila hata kufikiri. "Asubui? Alikuwaka anasimama pa mulango ya jiko, muguu moja juu ya ingine, sababu ya baridi. Anangojea viazi." Na akainuka. Mama yangu, mzee, na magoti yake, akaenda akasimama mlangoni: mguu mmoja juu ya mwingine, mikono imefichwa kwapani, kichwa kimeinama upande kikitazama sufuria ambayo haikuwa ya leo.

Nikamchora hivyo hivyo. Nilimchora mama akiwa amesimama kama mwanawe, na uso ukaja wenyewe kutoka kwenye ule mguu. Akarudi kukaa, akaanza kuniamuru. Masikio makubwa kidogo. Hapana vile, kidogo! Kichwa hivi. Ee.

Bado kulikuwa na shida. "Mama, mu kitabu yee ni mukubwa ya Kambale. Lazima arefuke."

"Paluku hapana murefu. Ananifika hapa." Akainuka akaonyesha kwa mkono, usawa wa kiuno, na mkono ukabaki pale hewani. Baadaye akauliza, "Arefuke mpaka wapi?"

"Miaka kumi."

Akafikiri. "Basi miguu ya baba yake. Mabega hapana, mabega ni ya kwetu."

Tukamkuza kwa penseli, mimi na yeye, mwaka baada ya mwaka, mpaka viazi vikapoa. Ndipo akachukua karatasi, akaileta karibu na jicho lake zima, akaipeleka mbali, akairudisha. Sijawahi kungoja hukumu namna ile.

"Ni yee," akasema.

Nikapumua.

"Mais, Kambale."

"Mama."

"Umuvalishe triko."

Halafu akaniambia, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Ulikuwa msimu wa mvua, kikohozi, njia ndefu ya kwenda kwa daktari. Paluku alikuwa na shati moja tu, na nyumbani triko haikuwepo. Nikamchorea sweta yenye shingo inayofika kidevuni. Akataka niongeze mistari ya ufumaji, ionekane nene. Nikaongeza. Machozi yalidondoka kwenye pembe ya karatasi, sikumbuki yalikuwa ya nani kati yetu.

Alhamisi nikaweka picha mezani pa Monsieur Alphonse: Paluku kwenye mlango wa jiko, Kambale na Masika uani, Kasereka mchanga kwenye mkeka. Akainua kalamu nyekundu.

"Mon cher, jua inawaka pale juu. Bengine bote biko na mashati ya mikono mifupi, na uyu moja unamuvalisha triko ya baridi? Inspekta atacheka."

"Basi tutoshe jua, tuifute."

"Kambale. Juu ya nini?"

Nikamweleza. Ilinichukua sentensi tatu, na ya tatu haikumalizika. Akavua miwani, akaifuta kwa tai yake kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Jua ibakie," akasema. "Na triko ibakie." Ijumaa lori likaondoka.

Mnaniuliza mara nyingi kama zaidi ya vitabu niliwahi kufanya sanaa yangu mwenyewe. Nilifanya, ila mtazamaji wangu alikuwa mmoja. Kila baada ya mavuno mama aliuliza Paluku sasa iko na miaka ngapi, na mimi nilichora, kwa mkaa, nyuma ya kurasa zilizoharibika ofisini. Paluku na baiskeli. Paluku anasukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, imejaa makabeji. Paluku na suruali pana za wakati ule, ambazo mama alisema zinakula kitambaa bure. Ikafika akataka aoe. Nikamchorea mchumba, mama akamkataa. "Uyu hapana. Mikono yake hapana kulima." Akakataa na wa pili, na wa tatu. Wa nne nilimpaka tope mpaka kwenye vifundo vya miguu, akapita siku hiyo hiyo.

Jicho la pili lilipofunga, nilichora na kumsimulia.

"Ameota kitambi, mama."

"Ni viazi ya muke wake," alijibu, ameridhika kabisa.

Mama ametutoka sasa. Ninamkosa kila ninapomaliza picha, kwa sababu hakuna tena wa kuishika mbali na kuileta karibu. Sanduku la bati liko chini ya kitanda changu, na ndani yake Paluku ameota mvi kabla yangu, inavyompasa mkubwa. Tulipokimbia vita ule mwaka wa taabu niliacha redio na magodoro, sanduku nilibeba.

Ninyi mna kitufe cha kurudisha nyuma kosa, nami nawaonea wivu kweli, nikikumbuka karatasi nilizozitoboa. Kitumieni. Ila kabla hamjafuta, wapelekeeni watoto waangalie nani hayupo.

Kitabu kimechapwa tena juzijuzi, safari hii na rangi, na aliyepaka ameifanya triko nyekundu. Nilialikwa kwenye darasa moja Beni, joto lile lile, mabati yale yale. Watoto wakawataja wote bila kukosa: Paluku, Kambale, Kasereka, Masika. Nilidhani nimepona. Mtoto mmoja akainua mkono, jasho linamtoka.

"Monsieur, juu ya nini Paluku peke yake iko na triko, na jua inawaka?"

"Mama yake alisema avae."

Akafikiri kidogo.

"Eh," akasema. "Mama yangu pia iko vile." Na akageuza ukurasa.